Ukuta wa ua unakuchafulia picha? Usikimbilie rangi

Unaujua ule ukuta wa nyuma ya nyumba, ambao kila ukipiga selfi lazima usogee usionekane? Rangi imebambuka na chini kuna unga mweupe.

Wengi wetu hukimbilia debe la rangi ya mafuta. Mimi pia nilifanya hivyo. Mvua ya Aprili ilipokuja, rangi ilifura kama chapati, kisha pesa zangu zikaanza kudondoka vipande vipande.

Ule unga ni chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini, yakikauka yanaiacha ukutani. Ukiziba kwa rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea na unaisukuma rangi. Basi ondoa kwanza udongo uliorundikana ukutani, elekeza maji ya paa kwingine, halafu sugua kwa brashi kavu. Usioshe, maji huirudisha chumvi ndani. Ukuta ukishakauka, paka chokaa. Ni bei nafuu na huuacha ukuta upumue.

Kama ni mawe ya Ndarugo yasiyopigwa plasta, tafadhali usipake chochote! Yasugue, jaza simiti ilipobanduka, basi. Yanapendeza yenyewe.

Bado hujaridhika? Panda pasheni, uitandazie waya mbele ya ukuta. Itafunika haraka, na juisi utakunywa. Ila kama umepanga, ongea na landilodi kabla hujatoboa tundu la kwanza, usije ukakatwa dipoziti.