Joto la Prosesa katika Nchi ya Ubaridi

Mkazi wa Kamachumu, katika uwanda ule ulioinuka juu ya Ziwa Victoria, ambako asubuhi za masika watu hutoka na masweta na ukungu hukawia migombani, huona ni muhali kuambiwa kwamba kompyuta yake, aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vilivyotoka Bukoba, Mwanza na Kariakoo, inazimika kwa sababu ya joto. Walakini ubaridi wa mahali hupunguza joto la prosesa kwa takriban nyuzi zilezile zilizopungua hewani, wala si zaidi: mashine ambayo Dar es Salaam, katika chumba cha nyuzi 31, ingefika 85, katika chumba cha nyuzi 21 itasimama karibu na 75. Ile iliyozibwa njia yake ya kutolea joto itafika 100 popote iwekwapo. Kimo nacho si cha kudharauliwa, kwa kuwa hewa ya mita 1,500 juu ya bahari ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 14, na feni ileile, kwa mwendo uleule, hubeba joto pungufu.

Kiini cha jambo kimo katika nafasi isiyoonekana kwa macho. Prosesa nyingi za mezani hutumia kiasi cha wati 65, na umeme huo wote hugeuka joto, ambalo sharti livuke kwenda kwenye hitisinki, yaani kile kipande kizito cha shaba au alumini chenye mapezi membamba na feni juu yake. Nyuso hizo mbili, hata zikionekana laini namna gani, zina mabonde madogo madogo; zikutanapo hugusana vileleni tu, na mabondeni hukaa hewa, na shaba hupitisha joto kuliko hewa iliyotulia kwa takriban mara 15,000. Kazi ya peisti, ile marhamu ya kijivu iuzwayo katika bomba dogo la sindano, ni kuifukuza hewa hiyo na kukaa mahali pake. Haina kazi nyingine. Hupitisha joto mara mia na zaidi kuliko hewa, illa shaba nayo huipita peisti, hata iliyo nzuri, kwa makumi ya mara. Kwa hiyo apakaye nyingi kwa kudhani kwamba wingi ndio baraka amejenga ukuta mahali alipotakiwa kuziba nyufa.

Kompyuta zetu nyingi huundwa kwa vipande vya mtumba vilivyotumika maofisini miaka kadha wa kadha, na peisti iliyomo aghalabu imekwisha kukauka. Kuiondoa kunataka subira. Washa mashine dakika chache ili peisti ilainike, izime, chomoa waya ukutani, kisha izungushe hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuiinua. Anayeivuta kwa nguvu, hususan katika mashine za AMD za soketi ya AM4, huweza kuing'oa prosesa pamoja nayo na kupinda pini zake. Futa nyuso zote mbili kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichotoa nyuzi, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Weka tone moja katikati, kadiri ya punje ya mbaazi, shusha hitisinki wima, kisha kaza skrubu kwa kukingamisha, kidogo hii na kidogo ile ya pembe ya pili, ili tone lijitandaze lenyewe. Hitisinki mpya huja na plastiki nyembamba chini yake, ibandue kwanza. Dawa ya meno, ambayo wapo wanaoisifia, hufaa maadamu ina unyevu, kisha hukauka na tabu hurudi palepale.

Lakini peisti hulaumiwa kuliko inavyostahili. Ingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, mara tu uiwashapo, uitazame namba ya joto: ikipita 80 ndani ya dakika moja au mbili, nawe hujafungua programu yoyote, hitisinki haikukaa vyema au feni haizunguki, na pengine waya wake haukuchomekwa mahali palipoandikwa CPU_FAN. Ikipanda polepole katika kazi nzito, taksiri iko kwenye njia ya hewa. Hapo ndipo utakapokuta vumbi jekundu la barabarani, makapi ya kahawa iliyoanikwa uani, na masizi ya kuni yaliyoyagandisha yote mawili kwenye mapezi. Tena utakuta kile kitambaa cha kudarizi ambacho mama wa nyumba, kwa nia njema kabisa, amekitandika juu ya sanduku na kuziba matundu yake. Na wapendao feni zenye taa za rangi wakumbuke kwamba katika msimu wa senene, dirisha likiachwa wazi usiku, taa hizo zitaita wageni ambao mahali pao ni kwenye kikaango.

Ukiisha kusafisha, kupaka upya na kukiondoa kitambaa, na namba ikabaki juu ya 90 katika kazi nyepesi, nunua hitisinki au feni nyingine kabla ya kufikiria prosesa mpya, kwa maana prosesa imeundwa kujipunguzia kasi na kujizima kabla ya kuungua, na kwa joto huharibika kwa nadra sana.