Nyuki wa Pwani Naye Asomwe

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya Waswahili na kwa jirani zao, wakiwamo wa Kilwa. Mifupa ilishuhudia yale waliyoyasimulia wazee wetu: Afrika na Uajemi zilioana katika pwani hii.

Leo twapenda kumzungumzia mkazi mwingine aliyebeba historia mwilini, naye ni nyuki wa mwituni aishiye katika matundu ya mibuyu. Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki katika Tanganyika, alimtofautisha nyuki wa pwani na yule wa milimani, akampa kila mmoja jina lake la kitaalamu.

Mwaka 2006 jenomu ya nyuki wa asali, yaani jumla ya vinasaba vyake, ilitangazwa: herufi zaidi ya milioni 220 katika kromosomu 16. Vinasaba husomwa vipande vipande, kisha vipande huungwa pale miisho yake inapofanana, mithili ya barua iliyochanika. Dume hurahisisha kazi hiyo, kwani huzaliwa na yai lisilorutubishwa, akawa na seti moja tu.

Faida yake ilionekana kwa jirani zetu wa Kenya. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa nyuki wa milimani na wa nyanda za chini wanafanana karibu kote, isipokuwa hasa katika sehemu mbili, kwenye kromosomu ya 7 na ya 9. Basi siri ya kuyamudu mazingira imo ndani ya nyuki wa mahali penyewe.

Kwa hiyo mrina asali anayeteketeza nyuki kwa mwenge, na mkata mikoko ovyo, wanachoma kitabu kabla hakijasomwa.

Tunawaomba viongozi wahusika wahakikishe kwamba mtaalamu achukuaye nyuki wetu ana kibali, anawafundisha vijana wa visiwani kazi hiyo, na anarejesha matokeo kijijini kwa Kiswahili. Kugawana faida kwa haki ndiyo shabaha ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010. Nao wananchi watumie moshi, si moto.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Amwuaye nyuki atamfuata nani?