Mbuzi ya Bibi na Shahada ya Usanifu

Swali lilitufikia mwezi wa kumi, katika kikao cha kawaida cha chama chetu. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa mwaka wa nne katika chuo cha sanaa na ubunifu cha hapa Toronto, alisimama akasema, "Naombeni msaada wa Kiswahili. Walimu wangu naweza kuwaeleza ninachosomea. Mama yangu siwezi."

Tulidhani ni kazi ya dakika tano. Mmoja wetu akasema "ubunifu wa viwanda", tukaona mama atadhani binti anajenga viwanda. Mwingine akasema "usanifu", lakini neno hilo likitajwa peke yake watu wengi hufikiria majengo. "Uchoraji wa bidhaa" likakataliwa mara moja, kwa kuwa kuchora ni sehemu tu ya kazi. Likabaki neno "ufundi", na hilo ndilo alilokuwa akilikimbia. Mama yake alikwisha kumwambia: "Mwanangu, tumetoka Tanga mpaka huku kwenye barafu ili uwe fundi seremala? Mafundi si tuliwaacha wamejaa Ngamiani?"

Makala haya yametokana na swali hilo. Tulianza tukitafuta neno, tukaishia kukaa jikoni kwa bibi yake Rexdale, Jumamosi baada ya Jumamosi, tukitazama namna nazi inavyokunwa.

Kwa msomaji asiyeijua, Rexdale iko pembe ya kaskazini-magharibi mwa Toronto, katika eneo la Etobicoke. Jina lake limetokana na Rex Heslop, mjenzi aliyeendeleza mtaa huo katika miaka ya 1950. Leo ni mtaa wa maghorofa marefu na nyumba za familia, na katika maduka ya Albion Road utasikia Kisomali, Kipunjabi, Kigujarati, na ukitega sikio vizuri, Kiswahili pia.

Mtu wa Rexdale anayetaka kusomea fani hii ana njia mbili zilizo wazi. Kampasi ya kaskazini ya Humber iko papo hapo mtaani, nayo inatoa shahada ya miaka minne. Njia ya pili ni kushuka mjini hadi OCAD University, barabara ya McCaul. Chuo hicho kilianza mwaka 1876 kama shule ya sanaa, na mwaka 2010 kikachukua jina la chuo kikuu. Jengo lake la Sharp Centre, lililosanifiwa na Mwingereza Will Alsop na kufunguliwa mwaka 2004, linafanana na meza kubwa yenye madoa meusi na meupe, imesimama juu ya miguu 12 ya rangi mbalimbali, mita 26 kutoka chini. Bibi alipoonyeshwa picha yake aliuliza ni nani anayepanda kuipangusa meza hiyo.

Mwenzetu alichagua mjini, maana alitaka kusoma jirani na wachoraji, wachongaji na masonara. Uchaguzi huo ulikuwa na gharama yake. Kila asubuhi alipanda basi namba 45 hadi kituo cha Kipling, akaingia treni ya chini ya ardhi, akabadilisha St George, akateremka St Patrick. Safari hiyo huifanya huku amebeba mfano wa kiti au taa uliotengenezwa kwa karatasi ngumu, katikati ya watu waliobanana. Alituambia kwamba mwaka wa kwanza mifano miwili iliishia mikononi mwake imepondeka, ndipo akajifunza kubuni vitu vinavyokunjika.

Sasa, wanasomea nini hasa? Tulimtaka atueleze kama anavyomweleza mtoto. Alisema: "Kila kitu unachokishika, kuna mtu aliyeamua kiwe hivyo. Kikombe, mswaki, kiti cha basi, sindano ya hospitali. Mimi nasomea kuamua vizuri." Kuamua vizuri kunataka mambo mengi. Mwanafunzi hujifunza kuchora kwa mkono na kwa programu za kompyuta. Huingia karakana kufanya kazi na mbao, chuma na plastiki, ili ajue kila kitu kinapinda wapi na kinavunjika wapi. Hujifunza vipimo vya mwili wa mtu: urefu wa goti, nguvu za kiganja, umbali ambao mkono hufika bila bega kuuma. Hujifunza pia kitu kitatengenezwaje kiwe elfu moja badala ya kimoja. Hapo ndipo tofauti yake na fundi ilipo. Fundi humtengenezea mteja aliye mbele yake, na msanifu wa bidhaa humtengenezea mtu ambaye huenda hatamwona kamwe.

Ndiyo maana hutakiwa amtafute mtu huyo kabla ya kuchora chochote, na hapo tukaingia sisi. Kazi yake ya kuhitimu ilihusu jiko la wazee wetu, na alihitaji watu wa kuandika mazungumzo kwa Kiswahili. Alitupa sharti moja: tusimuulize mzee yeyote anataka kifaa cha namna gani. "Mwulizeni jana alipikaje, kisha nyamazeni."

Basi tukaenda ghorofa ya tisa. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba wanangu, karibuni, vueni viatu." Tulimuuliza jana alipikaje. Akatuonyesha pakiti ya nazi iliyokunwa na kugandishwa, aliyoinunua Albion Road. Tukadhani kazi imekwisha: ikiwa nazi inauzwa tayari imekunwa, mbuzi ya nini? Lakini tulinyamaza kama tulivyoagizwa. Baada ya kitambo Bibi akasema pakiti hiyo ni ya siku za kawaida. Ikija Ramadhani, au mgeni wa heshima, hataki kumpa mtu tui lisilo na harufu. Mbuzi yake aliyokuja nayo kutoka Tanga iko chini ya kitanda. "Na wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi kuinama naweza. Kuinuka ndiko siwezi."

Sentensi hiyo ilibadilisha kazi yote. Mwenzetu alikuwa ameshachora ulimi wa chuma mpya wenye meno makali zaidi, lakini ulimi wa Bibi haukuwa na kasoro yoyote. Tatizo lilikuwa goti. Mbuzi yetu ya asili humkalisha mtu chini kabisa, sahani ikiwa sakafuni. Ni umbo zuri kwa uani penye wasaidizi na watoto wa kumshika mtu mkono. Katika jiko la ghorofa, mzee akiwa peke yake mchana kutwa, kuinuka ni hatari. Tulitembelea wazee wengine wawili mtaani, na wote walitaja kuinuka kabla ya kutaja kukuna.

Hapa tunaomba ruhusa ya kutoka kidogo Rexdale, kwa sababu mama alidhani fani hii ni ya Wazungu. Jiko la makaa ambalo wengi wetu tumekua nalo, lile la bati lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchoma ndani ya nusu ya juu, ni kazi ya usanifu wa aina hiyohiyo. Lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, likichota wazo kutoka majiko ya Thailand, kisha likarekebishwa lifae sufuria zetu na mafundi wa jua kali walioweza kulitengeneza kwa nyundo na mabati. Udongo ule hutunza joto, na makaa yanayotumika hupungua sana. Na kule Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, na shule iliyotokana na juhudi hizo hadi leo inaitwa kwa jina lake Shule ya Sanaa za Viwanda na Sanaa za Uzuri. Kwa hiyo, hata Afrika Mashariki neno "viwanda" linakaa jirani na "sanaa".

Turudi ghorofa ya tisa. Mfano wa kwanza ulikuwa wa kufungwa kwenye ukingo wa meza. Bibi alikuna mara tatu, akasema bega linalalamika. Mfano wa pili ulikuwa kiti kirefu chenye ulimi mbele. Goti lilifurahi, lakini kiti kilitikisika na nazi ikaruka hadi sebuleni. Mfano wa tatu ulikuwa na miguu ya nyuma iliyotanuliwa, kibao cha kuwekea sahani, na mkono wa mbao ubavuni wa kujishikia wakati wa kuinuka. Bibi alikaa, akakuna nusu kifuu, akaegemea ule mkono, akasimama. Hakusema kitu. Alikwenda kuchemsha maji ya chai, akarudi, akakaa tena, akamaliza nusu ya pili.

Mama alikuwa mlangoni. Aliuliza swali moja tu: "Hii pembe ya ulimi umeipataje?" Binti akatoa daftari lenye michoro zaidi ya arobaini, pembe baada ya pembe, na pembeni ya kila mmoja maneno ya Bibi tuliyoyaandika sisi. Mama alilisoma lote akiwa amesimama. Kisha akasema, "Kumbe mnasoma." Hatukuthubutu kucheka.

Hatutaki msomaji adhani kila kitu kimekwenda sawa. Siku ya kuwasilisha, watahini waliuliza ni nani atakayenunua mbuzi ya nazi Toronto, na swali lilikuwa la haki. Alijibu kwamba kiti kinachomsaidia mzee kufanya kazi ya chini bila kushuka chini kinamhusu kila mwenye goti. Alifaulu, lakini hakuna kiwanda kilichopiga simu. Mkopo wa masomo wa OSAP unamsubiri, na kwa sasa anafanya kazi ya muda katika duka la samani huku akituma maombi ya kazi. Atakayeifuata njia hii aijue hivyo: vyuo huomba mkusanyiko wa kazi zako kabla ya kukupokea, vifaa vya karakana vinagharimu, na kazi za kwanza huchelewa kupatikana.

Na lile neno? Baada ya mabishano ya muhula mzima, chama chetu kimekubaliana na "usanifu wa bidhaa" kwa fani na "msanifu wa bidhaa" kwa mtu. Tunalipenda kwa sababu limebeba "sanifu", neno lilelile la Kiswahili sanifu: kitu kilichofikiriwa, kikapimwa, kikapangwa ili wengi wakitumie. Ila mwenye neno bora na atuandikie.

Jambo la mwisho ni la sarufi, maana hili ni jarida la Kiswahili. Mdogo wetu mmoja aliyezaliwa hapa Canada aliandika katika maelezo yake "mbuzi wa Bibi amesimama imara". Tulimsahihisha: mnyama ni mbuzi huyu, kifaa ni mbuzi hii. Bibi aliposikia akasema tumwache mtoto. Mbuzi hii mpya, alisema, inamsaidia kusimama, kwa hiyo inastahili kuitwa mtu.