Bwana yako iko wapi?

Wamama wa Munigi, sisi mawakili tunasikia ulizo hilo hata leo. Mama ameuza maharagi miaka mitano, anakuja kununua kiwanja, karani anatafuta bwana nyuma ya mgongo wake. Sheria ya jamaa ya 1987 iliomba kweli ruhusa ya bwana. Ile ya Julai 2016 iliifuta: sasa ni kupatana, na yeye pia apatane na wewe. (Karani mwingine angali 1987.)

Lava ya Mei 2021 ilifunika mipaka huko Buhene, na jiwe halitoi ushuhuda. Lakini karatasi ya kuuziana, hata yenye mihuri mitatu, si sertifika ya kiwanja. Omba sertifika, jina lako lisomeke ndani. Kopi moja ikae kwa dada yako, mbali na volkano.