Nyonga ya Bandia Ilegeapo

Wamo majumbani mwetu wazee waliopasuliwa nyonga miaka kumi au ishirini iliyopita, wakawekewa kiungo cha bandia, wakarudia kuswali wima. Kisha maumivu hurudi. Mzee aondokapo kitini hushika ukuta, hatua za kwanza humchoma kinenani au pajani, na pengine mguu mmoja huwa mfupi kuliko mwenziwe. Watoto husema, "Ni uzee." Sisi twasema neno hilo limewachelewesha wengi.

Kiungo hiki, kwa umbo lililoenea duniani, kilitokana na kazi ya daktari Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, mwaka 1962: kichwa cha chuma chenye upana wa milimita 22 kizungukacho ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, na vyote kushikizwa mfupani kwa saruji maalumu. Kabla yake alijaribu plastiki nyingine, Teflon, ikalika upesi hata ikambidi awapasue wagonjwa wake tena. Vya leo ni imara. Zaidi ya nusu hudumu miaka 25. Lakini kila hatua husugua, na msuguano hutoa vumbi lisiloonekana kwa macho. Mwili hulipiga vita vumbi hilo, na katika vita hivyo mfupa wenyewe huliwa, mpaka chuma kikacheza kama mpini katika jembe lililolegea.

Hapo ndipo penye hatari ya kungoja, maana mfupa uliwao leo ndio mpasuaji atakaouhitaji kesho. Upasuaji wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza, damu hupotea zaidi, na kiungo kipya huteguka kwa urahisi zaidi. Kwanza daktari hutazama picha ya eksirei, hupima damu, na huenda akavuta maji ya kiungo kwa sindano, ajue kama vijidudu vimeingia. Vikiwamo, pengine mgonjwa hupasuliwa mara mbili. Kisha huondoa kilicholegea, hujaza tundu kwa mfupa wa kupandikiza, na mara nyingi hutia chuma kirefu zaidi. Mzee mwenye moyo dhaifu aweza kuchagua fimbo na dawa za maumivu, wala halaumiwi. Ila achague baada ya kupimwa, si kabla.

Wengine huficha maumivu kwa kuogopa kuambiwa waswali kitini. Jambo hili limekwisha kuamuliwa: Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Husayn, naye mgonjwa, aswali wima; asipoweza, aketi; asipoweza, alale ubavu. Na baada ya upasuaji madaktari wengi huonya kwa majuma kadhaa nyonga isikunjwe sana, kisije kiungo kikachomoka. Kwa hiyo sijda ya chini na choo cha kuchuchumaa vitangoja. Kabla mzee hajatoka hospitali, nyumba iwe imekwisha kuandaa kiti kirefu cha kuswalia, kiti cha chooni, maji ya udhu juu ya meza, na kijana wa kumvalisha viatu.