Maji ya mto yakipungua, kwa nini yanageuka kijani?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, mvua inapungua sana upande wa Rutshuru. Katika Kalengera na vijiji vingine vya njia ya Goma–Rutshuru, asiye na bomba karibu anarudi kuteka maji mtoni. Pale maji yalipotulia, anaweza kukuta yamekuwa ya kijani, mara nyingine na utando juu. Wengi wanasema ni uchafu tu. Kumbe ni viumbe hai.

Viumbe hivyo vinaitwa planktoni, na vingi havionekani kwa macho. Kuna vijimea vinavyoishi kwa mwanga wa jua kama mazao shambani, na kuna vijidudu vinavyokula vijimea hivyo. Vyote havina nguvu ya kushindana na mkondo: maji yanakokwenda, vinabebwa.

Wakati wa mvua mto unakimbia na umejaa udongo. Mwanga hauingii ndani, na vijimea vinasukumwa mbali kabla havijazaliana. Kiangazi mambo yanageuka. Mto unapunguza mwendo, tope linashuka chini, jua linaingia. Kijimea kimoja kinaweza kugawanyika kuwa viwili kwa siku moja au mbili, na sasa kinapata wakati wa kufanya hivyo. Chakula kipo: mbolea iliyooshwa kutoka mashambani, mavi ya ng'ombe, uchafu wa vyoo.

Kule chini, kwenye tambarare ya Virunga ambako Mto Rutshuru unaingia Ziwa Edward, kiboko naye ana kazi yake. Usiku anakula majani nchi kavu, mchana anaacha mavi majini. Mavi hayo yanalisha planktoni, na planktoni inalisha tilapia. Miaka ya 1970, hifadhi ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000. Kufikia 2005 walibaki chini ya 1,000, sana sana sababu ya ujangili wakati wa vita. Kwa hiyo kuua kiboko ni jambo linalomgusa hata mvuvi wa Vitshumbi.

Lakini planktoni ikizidi, inaleta hatari. Usiku vijimea havitengenezi hewa, vinaitumia tu, na samaki wanaweza kufa kwa kukosa pumzi kabla jua halijachomoza. Aina fulani za kijani zinatoa sumu inayoharibu ini, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yenye utando wa kijani yasinywewe, na ng'ombe wasinyweshwe hapo.

Tena kuna kipindupindu. Bakteria wake wanajishikiza kwenye vijidudu vya planktoni. Huko Bangladesh, kwenye vijiji ambako akina mama walichuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa, ugonjwa ulipungua karibu nusu, kama utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulivyoonyesha.

Basi, kiangazi hiki: teka mahali maji yanapotembea, mbali na utando na mahali mifugo inaponywea. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa angalau mara nne. Kisha chemsha au tia dawa ya klorini, sababu kitambaa peke yake hakitoshi. Ukimaliza, fua kitambaa na ukianike juani.