Mama Mjamzito: Mazoezi Ni Dawa, Mzigo Mzito Ni Hatari

Kamati zetu za afya zinapozungumza juu ya mama mjamzito, kwa kawaida huzungumza juu ya kliniki, chandarua na vidonge vya kuongeza damu. Hayo yote ni ya lazima. Lakini kuna swali ambalo akina mama wenyewe huuliza na mara nyingi hawapati jibu lililo wazi: je, mjamzito afanye kazi na mazoezi, au apumzike?

Majibu anayoyapata mtaani yanapingana. Wapo wanaomwambia afanye kazi ngumu mpaka siku ya mwisho ili ajifungue kwa urahisi. Wapo wanaomwambia asiguse kitu, akae tu, asije akamdhuru mtoto. Ushauri wote huu una kasoro, na makala hii inaeleza kwa nini.

Mama wawili

Tuchukue mfano wa mama wawili. Wa kwanza anaishi kijijini. Huamka alfajiri, huenda kisimani, hutafuta kuni, hulima, hupika na kufua. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Akienda kisimani mara tatu, amebeba kilo 60 kabla hajashika jembe. Mama huyu hahitaji kuambiwa aongeze mazoezi. Anahitaji kupunguziwa mzigo, kula vizuri na kupata muda wa kulala mchana. Kunyanyua vitu vizito mara kwa mara na kusimama kwa saa nyingi kunahusishwa na mimba kuharibika na watoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Wa pili anaishi mjini. Hukaa dukani au ofisini kutwa nzima, hupanda daladala kwenda na kurudi, na jioni familia humzuia hata kufagia. Uzito huongezeka kupita kiasi, mgongo unauma, miguu inavimba, usingizi unakosekana. Huyu ndiye anayehitaji kutembea.

Faida za mazoezi

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kwamba mjamzito asiye na tatizo la kiafya afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni sawa na nusu saa kwa siku, siku tano za wiki. Mazoezi ya namna hii hupunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba, shinikizo la damu na uzito uliozidi, na husaidia kupunguza huzuni kabla na baada ya kujifungua. Hayamfanyi mtoto azaliwe na uzito mdogo, kama wengi wanavyohofia.

Kipimo cha mazoezi ya wastani ni rahisi na hakihitaji saa wala mashine. Mama anapotembea awe anaweza kuzungumza na mwenzake. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, amezidisha, apunguze mwendo.

Mazoezi yanayofaa

(a) Kutembea kwa mwendo wa wastani, asubuhi au jioni jua likiwa limepungua. Asiyezoea aanze na dakika 10 kwa siku, aongeze kidogo kidogo.

(b) Kunyoosha viungo taratibu: shingo, mabega, mgongo na miguu.

(c) Kupiga magoti na kushika sakafu kwa mikono, kisha kuinua mgongo juu polepole na kuurudisha usawa. Zoezi hili hupunguza maumivu ya kiuno.

(d) Kukaza misuli ya chini ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo, kwa sekunde chache, kisha kuachia. Arudie mara kumi, mara tatu kwa siku. Zoezi hili linaweza kufanywa hata akiwa amekaa kanisani, na humsaidia asivujwe na mkojo wakati wa mimba na baada ya kujifungua.

Tahadhari

Mimba inapokua, tumbo huvuta mwili mbele na viungo hulegea kuliko kawaida. Kwa hiyo mjamzito huanguka kwa urahisi. Avae viatu visivyo na kisigino kirefu, na aepuke michezo ya kurukaruka, kugongana au kupanda juu. Anywe maji ya kutosha na asifanye mazoezi juani wakati wa joto kali wala akiwa na homa. Baada ya miezi mitatu ya mwanzo asifanye mazoezi akiwa amelala chali, kwani mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, naye huweza kusikia kizunguzungu.

Akilazimika kuinua kitu, achuchumae kwa kukunja magoti, akishike karibu na mwili, ainuke kwa nguvu za miguu bila kuupinda mgongo.

Baadhi ya akina mama wasianze mazoezi kabla ya kuzungumza na muuguzi au daktari. Hao ni wenye ugonjwa wa moyo, upungufu mkubwa wa damu, shinikizo la damu au dalili za kifafa cha mimba, mimba ya mapacha, kondo la nyuma lililokaa chini, au historia ya kujifungua kabla ya wakati. Hii ni sababu nyingine ya kuanza kliniki mapema, maana baadhi ya hayo hugunduliwa huko kwa kupimwa damu na presha.

Mama aache mara moja na awahi kituo cha afya akiona mojawapo ya dalili hizi: kutokwa na damu au maji ukeni, maumivu makali ya tumbo au kifua, kuumwa sana kichwa, kuona maruweruwe, kuvimba uso na mikono, kupumua kwa shida hata akiwa amepumzika, au mtoto kupunguza kucheza.

Wajibu wa kamati ya parokia

Hapa tuseme ukweli. Baadhi ya mizigo hiyo tunaipanga sisi wenyewe. Jumuiya hupewa zamu ya kusomba mawe, mchanga na maji ya ujenzi wa kanisa au nyumba ya mapadre, na asiyefika hutozwa faini. Mama ambaye mimba yake haijaonekana huona haya kusema, basi hubeba kama wenzake. Tunapendekeza kila kamati ijadili mambo matatu:

1. Mama yeyote aweze kuomba kazi nyepesi kupitia mwenyekiti wa akina mama, bila kutakiwa kueleza sababu mbele ya watu na bila faini. Kuandika mahudhurio au kuchambua mchele akiwa amekaa ni mchango kamili.

2. Mafundisho haya yatolewe pia kwa akina baba na kwa mama wakwe. Kadi ya kliniki haiwezi kuchota maji. Mume mwenye baiskeli au toroli anaweza.

3. Akina mama wa mjini wahimizwe kutembea pamoja, kwa mfano kurudi kwa miguu baada ya sala ya jumuiya.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mradi wa maji usionekane kuwa ni mabomba na saruji tu. Kila kisima kinachosogezwa karibu na kaya kinaondoa kilo nyingi kichwani kwa mama mwenye mimba.

Injili ya Luka inatueleza kwamba Bikira Maria, akiwa na mimba changa, alifunga safari kwenda milimani kwa Elisabeti, naye Elisabeti alikuwa katika mwezi wa sita. Alikaa naye karibu miezi mitatu. Tukiitafakari safari hiyo, tukumbuke mambo yote mawili: mama mjamzito anaweza kutembea, na mama mjamzito anahitaji mtu wa kuwa naye.